Jembe la Pili

Nilivijua vile vidole kabla daktari hajavigusa. Kitukuu changu alikuwa amelala mapajani mwa mama yake kwenye benchi la kliniki, akilia kwa sauti ndogo ya mtoto aliyechoka kulia, na vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimejaa, vinang'aa, vifupi na vinene kama ndizi za kisukari. Mama yake, ambaye ni mjukuu wangu, alidhani ameumwa na siafu. Vidole kama hivyo vilikuwa vikinishika bega nilipokuwa msichana, navyo vilikuwa vya mdogo wangu, na mdogo wangu amelala chini ya migomba ya nyumbani kwetu tangu Waingereza wangali wanatutawala.

Namshukuru Mungu aliyenipa umri wa kuviona mara mbili. Sikuwa na shukrani hiyo siku ile kwenye benchi. Imekuja polepole.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko, katikati ya Lushoto na Bumbuli, mahali ambapo ukungu huingia mlangoni asubuhi bila hodi na kuondoka unapotaka wenyewe. Baba alikuwa mpasua mbao kule Shume. Alikwenda akakaa huko majuma mengi, yeye juu ya gogo na mwenzake shimoni, wakivutana msumeno, kisha akarudi nyumbani na unga wa mbao masikioni. Kwa sababu hakuwapo, kabla ya msimu mmoja wa kupanda alishuka sokoni Lushoto akanunua majembe mawili kwa mpigo katika duka la Mhindi. Yalikuwa yametoka kifungu kimoja, yana alama ile ile, uzito ule ule. Aliogopa moja likivunjika mama abaki mikono mitupu mvua zikiwa zimeshaanza.

La kwanza halikuvunjika. Lilikwenda shambani kila asubuhi begani kwa mama, likarudi jioni na udongo mwekundu. Tulikula kwa sababu yake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kulifanyia jaribio lolote. La pili halikuwa na kazi. Lililazwa darini juu ya moshi, na kitu kisicho na kazi katika nyumba ya watu wa kawaida hakikosi mwombaji. Alikufa mzee mmoja wa jirani wakati wa mvua, jembe la wachimbaji likavunjika mpini, wakaja kuomba la kwetu. Alipokufa mwingine walikuja tena. Mwishowe baba akalipeleka kwa mhunzi, akalipunguza mabega likawa jembamba, akakata na mpini ukawa mfupi, ili mtu aliyechuchumaa ndani ya kaburi aweze kuchimba mwanandani, ule mfuko wa ubavuni tunamolaza maiti wetu sisi Waislamu. Baada ya hapo lilikuwa haliwezi tena kupindua tuta hata ungelitaka. Mama hakuruhusu liguse mbegu. Majembe yaliyokuwa ndugu kamili sasa hayakufanana, na hayakutoka siku moja: moja lilitoka kila kulipokucha, na jingine lilitoka alipokufa mtu tu. Sisi watoto tulijua msiba kabla ya kilio. Ilitosha kumwona baba ameinua macho darini.

Mama hakuwa mtu wa milimani. Alitoka chini, nyika ya Korogwe, kwenye joto na mbu, na wakwe zake hawakumwacha asahau hilo. Bibi, mama yake baba, alikuwa mtu wa maneno machache aliyeishi nyumba ya pili na yetu. Aliyekuwa na maneno ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Mama akiwasha moto mkubwa, shangazi aliuliza kama wanakaanga jiwe. Mama akijifunga kanga mbili kwa baridi, shangazi alisema siku hizi nyika imehamia milimani, mwakani tutaona na viboko. Watu walicheka, na mama alicheka pia, maana angefanya nini.

Mdogo wangu alizaliwa maharage yakiwa yanachanua. Nimelea watoto na wajukuu, sijaona mtoto aliyeanza maisha vizuri kuliko yule. Alikuwa mzito, anacheka na kila kitu, hata na kuku. Mimi ndiye niliyekuwa mbebaji wake mama akiwa shambani, na uzito wake ulikuwa fahari yangu. Shangazi mwenyewe alikiri kwamba safari hii nyika imetoa kitu.

Mwezi wa sita au wa saba wa umri wake, baridi ilipoingia, siku moja nilimfungua mgongoni nikaona mikono yake imevimba. Alilia nilipoigusa. Usiku huo hakulala, na siku ya tatu miguu ikafuata. Macho yakaanza kuwa ya manjano. Mama alimkanda kwa majani ya moto, bibi akaja akamtazama, akakishika kidole kimoja kidogo kati ya vidole vyake viwili, akakaa nacho muda mrefu, kisha akatoka. Niliona mgongo wake ukipita kwenye ukungu na nikafikiri amekasirika.

Shangazi alikuja na mzaha wake. "Watoto wa nyika kwa kuogopa baridi," alisema, "hata vidole vinavaa sweta." Lakini macho yake hayakuwa kwenye vidole. Yalikuwa kwenye mdomo wa mtoto.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo wajukuu zangu hulisikia kama hadithi. Mtoto akiotesha meno ya juu kabla ya yale ya chini aliitwa kigego, na kigego alihesabiwa kuwa ni mtoto aliyekuja na balaa: ataugua, ataugulisha wengine, atamaliza ukoo. Zamani za bibi kigego hakulelewa. Wakati wetu serikali ilikwisha kukataza, na mwalimu wetu wa chuoni, tulikosoma Kurani, alikuwa akisema waziwazi kwamba Mungu hakumpa jino lolote amri ya kuua. Watu waliitikia amina. Kisha, taratibu, mtoto alipelekwa nyikani kwa mtu wa mbali kwenda kunyonyeshwa, na hakuna aliyeuliza habari zake tena. Ndiyo maana kwetu, mtoto alipofika umri wa meno, wanawake wa mteremko walikuja asubuhi moja, na bibi mzaa baba alinawa mkono, akatia kidole kinywani mwa mtoto, akatangaza yaliyotangulia. Neno lake ndilo lililobaki.

Niliyaona kabla ya siku hiyo. Nilikuwa namwogesha, maumivu yalikuwa yamempa nafasi kidogo, akacheka na maji, na juu kwenye ufizi palikuwa na ncha mbili nyeupe. Chini palikuwa patupu. Nilimfunga kanga haraka kama mtu anayefunika chungu. Mama alikuwa mlangoni, naye alikuwa ameona. Hakuniambia ninyamaze. Alikaa chini pale pale kwenye majivu.

Jioni alikwenda kwa bibi, nami nikiwa nyuma yake na mtoto. Mama hakuwahi kumwinulia bibi uso, alikuwa akimwamkia shikamoo akiwa amepiga magoti hata kwenye matope. Siku hiyo aliamkia, akabaki amepiga magoti, akasema, "Mama, huyu akienda, na mimi nakwenda naye."

Bibi alikuwa anapukuchua mahindi. Aliendelea kupukuchua. Tulisubiri mpaka gunzi likaisha, naye akachukua jingine.

Wanawake walikuja kesho yake. Baba alikuwa Shume, na hata angekuwapo, hilo halikuwa jambo la wanaume. Walikaa uwanjani kwenye jua la asubuhi, wengine na kazi zao za kusuka, wakizungumza habari za matuta ambayo mabwana shamba walikuwa wanalazimisha watu kuyachimba, kwamba viuno vya watu vitaisha kabla ya kilima kuisha. Shangazi aliketi mbele. Mama alimtoa mtoto kwenye kanga, na niliona jinsi mikono ilivyokataa kumwachia, ukucha kwa ukucha.

Bibi alinawa kwa maji ya vuguvugu. Alimpakata mtoto, akafumba macho, akatia kidole. Mtoto alinyamaza. Kidole kilikwenda chini, kikapita polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, kikapanda juu, kikatulia. Alikaa hivyo mpaka wanawake wakaacha kusuka.

"Mama, sema basi," shangazi alisema. "Au umesinzia?"

Wakacheka. Bibi hakufumbua macho.

"Ya chini," alisema. "Yametangulia ya chini. Mawili."

Shangazi alinyoosha mikono. Alisema na yeye aone, ampe hongera mtoto wa kaka yake. Bibi alimgeuza mtoto akamrudishia mama. "Tangu lini mkono wangu ukataka msaidizi?" aliuliza, na wanawake wakacheka tena, safari hii wakimcheka shangazi. Mama alimpa mtoto titi papo hapo. Nilikuwa karibu, nikamwona alivyoshtuka alipoumwa. Hakutoa sauti. Mdomo uliojaa titi hauonyeshi meno.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama alinifundisha kumbeba mtoto uso ukiwa umelala mgongoni kwangu na kanga imepanda juu ya kichwa. Mtu akitaka kumchekesha nilisema ana homa, na mara nyingi haikuwa uongo. Shangazi alipopita nilikwenda mtoni kuteka maji, ndoo ikiwa imejaa tayari. Nilijifunza kuchukia kicheko chake, kile nilichokuwa nakipenda kuliko vyote, kwa sababu kilikuwa kinafungua mdomo. Ya chini yalipotokea mwishowe, mama alichinja kuku, akasema ni kwa ajili ya kurudi kwa baba.

Kwa nini bibi alisema vile, nilikuja kusikia tukiwa tunachambua maharage, yeye, mama na mimi. Hakuulizwa. Alisema wa kwanza wake, kabla ya baba yetu na shangazi, alikuwa na vidole hivi hivi. Alikuwa mtoto wa kiume, mzito, wa kucheka. Alivimba kabla ya meno. "Niliona kwamba vidole vimetangulia meno," alisema, "lakini walipokuja walisema ni meno yameleta. Nikasema labda. Nikampa." Aliokota haragwe bovu akalitupa. "Yule aliyembeba alimweka begani. Aliniangalia mpaka njia ilipokata kona."

Mama aliacha kuchambua. Bibi hakuacha. Tangu siku hiyo mama alipomwamkia, bibi alimshika mkono akamwinua.

Baba aliporudi, alimbeba mdogo wangu hadi hospitali ya misheni Bumbuli, mama na mimi tukifuata na chakula. Walitupokea kwa wema, nami nawaombea mpaka leo. Daktari alichukua tone la damu kidoleni, akaliangalia kwenye darubini, akatuambia kupitia mkalimani kwamba chembe za damu ya mtoto zinajipinda kama mundu na kukwama njiani. Hana dawa ya kuiponya. Apate joto, anywe maji mengi, homa ikija tumlete upesi. Kisha akasema damu hiyo haikutoka kwa mzazi mmoja. Ili mtoto augue hivi ni lazima baba ametoa na mama ametoa.

Baba alimtazama mama, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Tulipofika nyumbani alimweleza bibi, na bibi akasema, "Najua." Shangazi hakuambiwa. Sijui kama angeamini kwamba mlima nao una mkono wake.

Mdogo wangu aliishi mpaka akajua kusema. Aliniita dada, na bada, ule ugali wa muhogo, aliipenda ikiwa moto na maziwa. Siku za maumivu alilala karibu na moto, chali, akiangalia juu, na siku moja alinyoosha mkono darini.

"Lile la nani?"

Nikamwambia ni la baba.

"Mbona halilimi?"

Nilisema limepumzika. Aliliangalia sana. Alipenda majibu yanayotosha, na hilo halikumtosha, lakini alikuwa mtoto mwenye adabu.

Alikufa baridi ya mwaka wa tatu baada ya Bumbuli, kwa homa iliyokuja haraka kuliko miguu ya baba ingeweza kufika Bumbuli tena. Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nje nikiota jua, baba akatoka, akasimama kizingitini, akageuka, akainua macho. Sikuhitaji kuambiwa. Bibi alikuwa amefika. Baba alipoliteremsha jembe, bibi alimwambia, "Nipe nilishike kidogo," akalishika mpini mfupi kwa mikono yote miwili, kama alivyokishika kile kidole, kisha akalirudisha. Wa kwanza wake hakuchimbiwa kwa jembe lolote analolijua. Huyu alijua amelala wapi. Aliniambia baadaye kwamba hilo tu ndilo aliloweza kumpa mama, naye mama alilipokea kama kitu kikubwa, na sasa najua lilikuwa kubwa.

Basi nirudi kwenye kliniki. Daktari ni binti, mdogo kuliko mjukuu wangu, huniamkia shikamoo kila mara hata akiwa na haraka. Alipima damu ya mtoto na ikawa ni selimundu. Nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu utoto: kwa nini miezi ile ya kwanza mtoto anakuwa mzima hivyo, kisha ugonjwa unakuja na meno kama watu walioahidiana kukutana njiani.

Akaketi. Alisema ndani yetu kuna maelekezo, yanaitwa jeni, na baadhi yake ni ya kutengeneza ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa. Zamani mno, kabla wanadamu hawajakuwapo, jeni hiyo ilikuwa moja. Katika kunakiliwa kutoka mzazi kwenda kwa mtoto ikanakiliwa mara mbili kwa kukosea, nakala zote zikabaki, moja kando ya nyingine. Moja iliendelea na kazi, kwa hiyo ikikosewa kidogo tu mwenye nayo hufa. Ya pili, kwa kuwa kazi ilikuwa inafanywa, ilikuwa huru kubadilika. Nakala nyingi za namna hiyo huharibika tu na kunyamaza. Chache hupata kazi yake na wakati wake.

"Kama majembe mawili," nilisema.

Hakunielewa, lakini alikubali kwa kichwa. Aliendelea kwamba jambo hilo limetokea zaidi ya mara moja, hivyo sasa tuna moja inayofanya kazi tumboni, inayoishika hewa kwa nguvu ili kuivuta kutoka damu ya mama, na nyingine inayopokea baada ya kuzaliwa. Zinapokezana katika miezi ile ya kwanza, polepole. Selimundu iko kwenye hii inayopokea. Ile ya tumboni haina kosa. Mtoto analindwa nayo mpaka inapozimwa, na inapozimwa ndio wakati wa meno. Meno hayana hatia yoyote, ya juu wala ya chini.

"Ikizimwa inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, Bibi. Ipo. Imelala tu. Hata kwako ipo." Kisha akasema kuna dawa ya kumeza, mtoto ataianza akikua kidogo, ambayo huiamsha hiyo iliyolala. Si kabisa, ila inatosha kwa wengi kupunguza maumivu na kuwapa miaka.

Nilimuuliza kama hata mtoto wa zamani, mtoto wa enzi za Mwingereza, alikuwa nayo.

"Kila mtu, Bibi."

Nimekaa na maneno hayo. Mdogo wangu alilala karibu na moto akiangalia darini, na ndani ya mifupa yake iliyomuuma kulikuwa na damu yake ya kwanza, ile njema, nzima kabisa, imenyamaza. Hata mtoto wa bibi aliyepita kona ya njia begani kwa mtu aliibeba. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba Mungu hutuumba tumboni hatua baada ya hatua, gizani, na sikupata shida kumsikiliza daktari. Kile anachokiita kukosea nakiita subira: kuacha kitu kikae bila kazi vizazi visivyohesabika mpaka kipate kazi. Namshukuru kwa hilo. Lakini kuna alfajiri ambazo baada ya swala nabaki kwenye mkeka na shukrani inakuwa nzito kuinua, maana nawaona wale watoto wawili, nao wananiangalia.

Juzi mjukuu wangu alinipakatisha mtoto. Vidole vilikuwa vimenywea, alikuwa anacheka. Mama yake alisema kwa mzaha tu, maana amesikia habari hizi, "Haya Bibi, tuambie, yapi yametangulia?"

Niliomba maji ya vuguvugu. Nikanawa, nikafumba macho.

"Ya chini," nilisema, kidole kikiwa hakijafika bado.